Binti Aliona Kabla ya Daktari

Wazee wetu, ndugu wasikilizaji, na hasa ninyi mliomwacha mgonjwa nyumbani na mtu wa kumwangalia ili mfike hapa leo: ahsanteni kwa kuja. Najua ilivyo kazi kuipata hata saa moja ya kutoka.

Mimi ni daktari wa mishipa ya fahamu, na kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kuutafiti ugonjwa wa Alzheimer na magonjwa mengine yanayoleta demensia, yaani kuporomoka kwa kumbukumbu na akili. Nimeombwa nieleze utafiti umefikia wapi. Nitaeleza. Lakini nianze na kosa langu mwenyewe, kwa kuwa ndilo lililonifundisha kazi hii inavyofanywa.

Nilipokuwa bado daktari kijana, alikuja kwangu binti mmoja na mama yake. Mama alikuwa amepita miaka 60 kidogo tu, nadhifu, mcheshi, salamu anaitikia vizuri. Nikamuuliza siku, mwezi na mwaka, akavitaja vyote. Nikampa maneno matatu ayashike kichwani. Baada ya dakika tano akayakumbuka mawili. Binti akasema, "Daktari, mama amebadilika. Hesabu za nyumba alikuwa haziachi, sasa hataki hata kuziona. Na jambo moja ananiuliza mara nne kabla jua halijazama." Nikatabasamu. Nikamwambia, "Ni uzee tu, usijali."

Binti alikuwa amepakata daftari. Hakulifungua. Alimshika mama yake mkono, wakaenda zao.

Walirudi baada ya miaka mitatu. Safari hiyo mama hakujua kwamba aliyemleta ni mwanawe. Binti akanipa lile daftari nilisome. "Leo mama ametia chumvi mara mbili." "Leo amevaa blauzi ndani nje, nilipomwambia akakasirika." "Leo anasema jirani kamwibia mkoba. Mkoba alikuwa ameuvaa begani." Kila mstari na tarehe yake. Tarehe ya ukurasa wa kwanza ilikuwa miaka miwili kabla ya siku ile niliyomwambia asijali.

Tangu hapo nimeisoma upya historia ya ugonjwa huu, na kila ninapofika kwenye hatua kubwa ya utafiti nakuta hapo mwanzoni yupo jamaa wa mgonjwa aliyeona jambo akakataa kunyamaza.

Chukueni ule mwanzo wenyewe. Mwaka 1901, mjini Frankfurt huko Ujerumani, karani mmoja wa reli aitwaye Karl Deter alimpeleka mkewe Auguste hospitali ya wagonjwa wa akili. Mke alikuwa na miaka 51. Nataka mlishike hili: ugonjwa haukuanza na kusahau. Ulianza na wivu. Mwanamke aliyeishi vizuri na mumewe alianza ghafla kumtuhumu kwamba ana mwanamke mwingine. Kisha jikoni mambo yakaanza kumharibikia, akawa anazunguka nyumbani bila shughuli maalumu, usiku anapiga kelele. Haya yote hayakuonwa na daktari. Yalionwa na mume, naye ndiye aliyeyasimulia.

Daktari aliyemchunguza ni Alois Alzheimer. Alifanya jambo ambalo hata leo halifanywi vya kutosha: alikaa na mgonjwa, akamuuliza, akaandika majibu yake neno kwa neno. Jina lako nani? Auguste. Jina la ukoo? Auguste. Mumeo anaitwa nani? Auguste, nadhani. Alipoambiwa aandike jina lake kamili, aliandika lile neno la heshima linalomtangulia mwanamke aliyeolewa, kisha yaliyobaki yakampotea.

Auguste alifariki Aprili 1906. Alzheimer wakati huo alikwishahamia Munich, na ubongo ukapelekwa kwake. Alikata vipande vyembamba, akavitia rangi yenye madini ya fedha, akaviweka chini ya hadubini. Aliona mabonge ya takataka yaliyojikusanya baina ya seli, na ndani ya seli zenyewe akaona nyuzi zilizosokotana kama uzi ulioingiwa na fundo lisilofunguka. Novemba mwaka huohuo alieleza hayo kwenye mkutano wa madaktari mjini Tübingen. Hakuna aliyeuliza swali hata moja. Jina la "ugonjwa wa Alzheimer" lilikuja mwaka 1910, alipoliandika mkuu wake, Emil Kraepelin, katika kitabu chake cha kufundishia. Faili la Auguste lenyewe lilipotea machoni pa watu mpaka lilipokutwa tena Frankfurt mwaka 1995.

Kwa miongo mingi baada ya hapo, madaktari walisema ugonjwa huu ni wa nadra na ni wa watu wasiozeeka bado. Mzee wa miaka 75 mwenye dalili zilezile aliambiwa ni uzee. Mwaka 1976 ndipo daktari wa Marekani, Robert Katzman, alipoandika wazi kwamba ni ugonjwa mmoja, awe nao mtu wa miaka 50 au wa miaka 80, na kwamba ni miongoni mwa magonjwa yanayoua watu wengi zaidi. Kwa hiyo neno langu kwa yule binti sikulizua mimi. Lilikuwa limerithiwa, na bado linarithiwa.

Niyaweke sawa maneno mawili, maana watu huyachanganya. Demensia ni hali, kama vile homa ilivyo hali: kumbukumbu, lugha, uamuzi na tabia vinaporomoka mpaka mtu hawezi tena kujiendeshea maisha yake. Magonjwa yanayoileta ni mengi. Alzheimer ndiyo inayoongoza, ikiwa na asilimia 60 hadi 70 ya wagonjwa. Kuna inayotokana na kuharibika kwa mishipa ya damu ya ubongo, kuna ya vijibonge viitwavyo vya Lewy, ambapo mgonjwa huona watu wasiokuwepo, na kuna ile inayoanzia sehemu ya mbele ya ubongo na kumgeuza mtu tabia kabla haijagusa kumbukumbu. Mara nyingi mgonjwa mmoja anakuwa na zaidi ya moja. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa wakiishi na demensia, na zaidi ya asilimia 60 yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Nirudi kwenye yale mabonge. Mwaka 1984, George Glenner na Caine Wong walifanikiwa kuisafisha protini iliyojikusanya na kujua imeundwaje. Tunaiita amiloidi. Wakaikuta pia katika bongo za watu wenye ugonjwa wa Down, ambao huzaliwa na kromosomu ya 21 iliyozidi moja; kromosomu ni vifurushi vya maelekezo ya urithi ndani ya seli. Hapo watafiti wakaanza kuishuku kromosomu hiyo. Ila walihitaji familia inayorithishana ugonjwa huu. Na familia haipatikani maabara.

Ilipatikana kwa barua. Katikati ya miaka ya 1980, mwalimu mmoja wa Uingereza, Carol Jennings, aliwaandikia watafiti waliokuwa London. Baba yake alikuwa ameshikwa na ugonjwa huu akiwa na umri wa miaka hamsini na kitu, na ndugu kadhaa wa baba wakafuata, mmoja baada ya mwingine. Carol alikuwa ameona kinachoonekana wazi ukikaa mezani na ukoo huo: haiwezi kuwa bahati mbaya tu. Watafiti wakaja, wakachukua damu ya wagonjwa na ya wazima, na mwaka 1991 kundi la John Hardy, na Alison Goate akiwa mwandishi wa kwanza, likatangaza kosa moja dogo katika jeni, yaani kipande cha maelekezo ya urithi, inayotengeneza protini mama ya amiloidi. Herufi moja tu ya jeni imebadilika, na ukoo mzima ukapata msiba. Karibu kila dawa ya kuondoa amiloidi iliyotengenezwa tangu hapo ina asili yake katika barua ile.

Carol alikataa kupimwa ajue kama anayo jeni hiyo. Aliendelea kufundisha, kulea na kuzitetea familia nyingine. Ugonjwa ulithibitishwa kwake mwaka 2012, akafariki 2024, na ubongo wake ukatolewa kwa utafiti. Mimi huwa siwezi kulieleza hili haraka, mnisamehe.

Kosa la namna hiyo ni la familia chache sana, lisiwatie hofu. Wagonjwa wengi hawana jeni inayowahukumu. Ipo jeni nyingine, APOE, ambayo aina yake ya nne huongeza uwezekano wa kuugua bila kulazimisha. Hata hapo mambo si mamoja kwa watu wote: utafiti uliowafuata Wayoruba wa Ibadan, Nigeria, na Wamarekani Weusi wa Indianapolis uliona kwamba wa Ibadan waliugua kwa kiwango kisichofika nusu ya wenzao, na ile aina ya nne haikuonyesha kwao uzito uleule. Jambo hili lichukueni kwa uzito. Mengi yanayoitwa kanuni za ugonjwa huu yalipimwa kwa watu wa sehemu chache za dunia.

Familia kubwa kuliko zote haikuwa Ulaya. Ilikuwa Colombia, kwenye milima ya Antioquia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, daktari kijana Francisco Lopera alimpokea mtu wa miaka arobaini na kitu aliyepotewa na kumbukumbu, akaambiwa na jamaa kwamba baba wa mtu huyo, na babu yake pia, waliishia hivyohivyo. Wenyeji walikuwa na jina lao, la bobera, yaani upumbavu. Wengine walisema ni laana, wengine kwamba mtu huupata kwa kugusa mti fulani. Lopera na muuguzi mwenzake, Lucía Madrigal, walikwenda nyumba kwa nyumba, kijiji kwa kijiji, wakachora ukoo kizazi baada ya kizazi, wakapekua hata madaftari ya ubatizo na ya vifo kanisani. Mwishowe wakawa na ukoo wa watu wapatao 6,000. Miaka ya 1990 jeni ikajulikana: presenilini 1. Anayeirithi huanza kupungukiwa na kumbukumbu akiwa na miaka kama 44, na kufikia demensia kwenye 49 hivi.

Kwa kuwa inajulikana nani ataugua na lini, wataalamu waliweza kuwatazama watu hawa wakiwa bado wazima, na hapo ndipo tulipojifunza kitu kilichobadilisha kazi yetu yote. Amiloidi huanza kurundikana miaka 15 mpaka 20 kabla ya mtu kusahau chochote. Tau, ile protini ya zile nyuzi zilizosokotana, husambaa baadaye, na hiyo ndiyo inayokwenda sambamba na dalili. Mama anapoanza kuuliza jambo moja mara nne, ubongo wake umekuwa ukipigana kwa karibu miongo miwili bila mtu kujua.

Na ukoo huohuo ukatupa mwanamke mmoja, Aliria Rosa Piedrahita de Villegas. Alirithi jeni ile, kwa hesabu zetu alipaswa kuugua kabla ya 50. Akafika miaka ya sabini kumbukumbu zake bado zipo. Alipopigwa picha ya ubongo, amiloidi ilikuwa imejaa tele kuliko ya jamaa zake wagonjwa, lakini tau ilikuwa kidogo. Alikuwa amerithi kutoka kwa wazazi wote wawili badiliko jingine la nadra katika jeni ya APOE, liitwalo Christchurch. Habari zake zilichapishwa mwaka 2019, akafariki mwaka uliofuata kwa saratani, na leo watafiti wengi wanajaribu kutengeneza dawa itakayoiga alichozaliwa nacho. Lopera alifariki Septemba 2024. Ukoo ule haujapata dawa bado: jaribio la kinga walilojitolea watu 252, lilipomalizika mwaka 2022, halikuonyesha tofauti ya kutosha. Walijua dawa huenda isifanye kazi, na wakashiriki.

Sasa mtaniuliza: sisi je? Tuna nini mkononi?

Dawa za zamani, kama donepezili, huongeza nguvu ya mawasiliano baina ya seli. Wengine hunufaika kidogo kwa muda, ugonjwa wenyewe unaendelea. Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha kikamilifu lekanemabu, kingamwili inayoondoa amiloidi. Kwa miezi 18 ilipunguza kasi ya kudhoofika kwa asilimia 27 hivi. Isikilizeni namba hiyo kwa makini. Kwenye kipimo cha alama 18, tofauti baina ya waliopewa na wasiopewa ilikuwa chini ya nusu alama. Katika majaribio ilitolewa kwa dripu, kwa walio mwanzoni mwa ugonjwa tu, tena lazima ubongo upigwe picha mara kwa mara, kwani unaweza kuvimba au kuvuja damu. Mimi nilifurahi matokeo yalipotoka, kwa sababu kwa mara ya kwanza tulithibitisha kwamba mwendo wa ugonjwa huu unaweza kuguswa. Lakini sitamwambia mtu yeyote hapa kwamba kuna dawa ya kuponya. Haipo. Anayewauzia chupa ya "kurudisha kumbukumbu" anawaibia.

Upande wa vipimo tumesogea zaidi. Aina ya tau inayoitwa p-tau217 sasa inaweza kupimwa kwenye damu ya mkononi, wakati zamani ilibidi kuchoma sindano mgongoni au kusubiri mtu afe. Hata hivyo kipimo cha damu hakimtoshi mtu. Kabla ya kusema Alzheimer tunatafuta vile vinavyotibika: upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo isiyofanya kazi, sonona, damu iliyovilia kichwani baada ya kuanguka, na dawa. Wazee wengi wamechanganyikiwa kwa sababu ya vidonge walivyopewa kwa ajili ya usingizi, au kibofu, au mzio. Ukimleta mzazi, njoo na vidonge vyake vyote mfukoni.

Kuna kipimo kimoja kinachotumika duniani kote. Mtu anapewa karatasi, anaambiwa achore saa, aweke namba zake, kisha mishale ionyeshe saa tano na dakika kumi. Wakati huo ulichaguliwa kwa makusudi. Mshale wa dakika unatakiwa uende kwenye 2, lakini kichwa chenye hitilafu huvutwa na neno "kumi" kikaupeleka kwenye 10. Sasa tazameni tunavyosema sisi tunaotumia Kiswahili. Tunasema "tano" na mshale wa saa tunauweka kwenye 11! Mzee wetu anageuza mara mbili pale ambapo mwenzake wa lugha nyingine anageuza mara moja. Nilikaa mbele ya bibi mmoja aliyechora duara zuri, akaweka mshale mfupi kwenye 5 na mrefu kwenye 10, akanirudishia kalamu kwa kujiamini kabisa. Kwa kitabu, ameshindwa. Nikamuuliza mjukuu aliyemleta: bibi bado anajua nani anamdai na nani amekwisha kumlipa? Mjukuu akacheka. Bibi alikuwa akijua deni la kila mtu, mpaka senti. Hakuwahi kwenda shule wala kuvaa saa maishani mwake. Nilimpima upya kwa mambo anayoyajua, na alikuwa mzima.

Na kinga? Jopo la wataalamu wa jarida la Lancet lilikadiria mwaka 2024 kwamba karibu asilimia 45 ya demensia duniani inahusiana na mambo 14 yanayoweza kurekebishwa. Sitayasoma yote. Shinikizo la damu na kisukari mnavisikia kila siku, na sigara vilevile. Linalosahaulika ni masikio. Mzee asiyesikia vizuri hujitenga, mazungumzo yanampita, anaitikia "ndiyo" asichokisikia, mpaka watu wanaacha kumsemesha. Ubongo wake unakosa kazi na unakosa watu kwa pamoja. Mpelekeni akapimwe masikio. Macho pia. Na wanaojenga shule wajue nao wamo katika vita hivi, maana kukosa elimu utotoni kumo katika orodha ileile.

Nimalize na lile daftari, kwa sababu ndilo ninaloliomba kutoka kwenu.

Nunueni daftari la kawaida. Kila mstari na tarehe yake. Andika kilichotokea, usiandike unavyokitafsiri. Usiandike "mama amechanganyikiwa". Andika "mama ameuliza kama baba amerudi mara sita kati ya adhuhuri na alasiri". Andika na vile anavyoviweza bado: amewataja wajukuu wote kwa majina, amekunja nguo sawasawa, ameimba wimbo mzima. Andika lini alianza dawa mpya, lini alianguka, usiku upi hakulala. Andika tabia, si kumbukumbu peke yake. Kumbukeni kwamba kwa Auguste ulianza na wivu. Wewe unayemuuguza, andika na siku zako ulizochoka, maana mganga mwenye akili atataka kujua hali yako nawe.

Kisha mkabidhi daktari mkononi, usisubiri aulize. Na akikwambia ni uzee tu, mwombe afungue ukurasa wa kwanza asome tarehe.